Kibubu cha wanandoa: ubao, bati, udongo na sanduku la kufuli mbili

Vibubu vingi vinavyouzwa mijini leo ni vya ubao: kisanduku kilichopigiliwa misumari pande zote sita, tundu moja juu, na mbele karatasi ya miraba ya kutia alama kila unapoweka. Kimebuniwa kwa mtu mmoja anayeuzuia mkono wake mwenyewe. Wanandoa wakikinunua kwa ajili ya mabati, ada au kiwanja, wanakitwisha kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Sasa kinatakiwa kumzuia mmoja asidokoe bila mwenzake kujua, na tena kimwezeshe aliyetunza kuonyesha kwamba hajadokoa. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika dukani. Hela zikipungua na hakuna ushahidi wowote, mwaminifu anashukiwa sawasawa na mdokozi, na kwa watu waliokaa pamoja miaka 20 shaka ya namna hiyo haimalizwi kwa viapo.

Ndiyo maana sipimi kibubu kwa ugumu wake. Anayeishi nacho chumba kimoja ana nyundo, ana bisibisi, na ana siku nzima ambayo mwenzake yuko kazini. Hakuna ubao wala bati litakalomshinda. Ninachokipima ni hiki: kikifunguliwa, je, kitasema? Vibubu vya bei nafuu karibu vyote havisemi.

Tuanze na cha ubao, kwa kuwa ndicho kinachonunuliwa zaidi. Kwa kawaida ni plaiwudi ya milimita 6 au vipande vya paini vilivyobaki kwenye kazi kubwa za fundi. Kwa uzito na mwonekano kinafaa. Udhaifu wake wa kwanza ni tundu. Mafundi wengi huchonga tundu pana, sentimita 8 hivi kwa nusu sentimita au zaidi, ili noti iingie bila kukunjwa sana. Tundu la hivyo linatoa kama linavyoingiza. Ukikigeuza kibubu juu chini na kupenyeza rula ya chuma, noti inatelezea juu ya rula na kutoka yenyewe. Njiti ya mwavuli yenye gundi nchani inafanya kazi ileile. Udhaifu wa pili ni kitako. Kikiwa kimeshikwa na misumari minne tu bila gundi ya mbao, kinang'olewa kwa ncha ya kisu na kurudishwa kwenye matundu yaleyale, na ukikitazama hutaona tofauti. Kikiwa kimeshikwa na skrubu, hata kisu hakihitajiki.

Udhaifu wa tatu ni mkubwa kuliko hiyo miwili na hautajwi na muuzaji: vibubu vya fundi mmoja vinafanana. Mtu anaweza kuvunja cha kwanza, akanunua cha pili palepale, akatumbukiza kiasi fulani humo na kunakili alama zote za kwenye karatasi. Ukinunua cha ubao, siku ileile wote wawili andikeni majina na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kitako, mwandiko wa kila mmoja kwa mkono wake. Kisha chora mstari wa penseli unaovuka maungio katika pembe zote nne za kitako, na upake rangi ya kucha juu ya kila kichwa cha msumari au skrubu. Yenye chembe za kumetameta ni bora, kwa sababu chembe zinakaa kila mahali kivyake na haziwezi kurudiwa. Piga picha, na kila mmoja abaki nayo kwenye simu yake. Kazi nzima haifiki robo saa.

Sasa ile karatasi ya miraba. Maarufu zaidi ni ya wiki 52: wiki ya kwanza 1,000, ya pili 2,000, hadi ya mwisho 52,000, jumla shilingi 1,378,000. Hesabu ni sahihi, mpangilio ndio mbaya. Wiki nne za mwisho peke yake zinadai 202,000, nazo zinaangukia Desemba, wakati wa safari za kijijini na maandalizi ya ada za Januari. Hapo ndipo mmoja, kwa aibu ya kushindwa, hutia alama kwenye mraba bila kuweka hela, akikusudia kufidia baadaye. Udanganyifu mwingi wa vibubu vya nyumbani unaanzia hapa, na hauanzi kwa nia ya wizi. Anzeni na 52,000 mkishuka hadi 1,000, au gawanyeni sawa: 26,500 kila wiki inatoa jumla ileile.

Kasoro nyingine ya karatasi hiyo ni kwamba alama ya vema si ya mtu. Haijulikani nani ameiweka wala kama kulikuwa na noti. Mwenza mwenye moyo mweupe huisoma karatasi kana kwamba ni fedha; anaona miraba 40 imejazwa na anaanza kuulizia bei ya mabati. Fanyeni hivi: mwekaji anaonyesha noti, mwenzake anaihesabu, wote wawili wanaandika herufi za majina yao ndani ya mraba, kisha noti inatumbukizwa wote wakiwa wamekaa. Mmoja akiwa safarini, mraba unabaki mtupu na hela inasubiri kwenye bahasha. Msijaziane.

Cha bati, kile kinachochomelewa na mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au jua kali wa Kamukunji kule Nairobi, kina sifa moja nzuri: kikikatwa, jeraha la bati halifichiki, na hata kikichomelewa upya rangi inaungua pembeni. Mchwa na panya hawakiwezi. Lakini kwa sarafu hakifai kikiwa na tundu la kawaida. Sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania, iliyoanza kutumika 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo sumaku inaishika. Kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu, kikafungwa uzi na kuteremshwa tunduni, kinapandisha sarafu mojamoja. Pwani kuna tatizo la ziada: bati linatoa jasho usiku na kutu inaganda kwenye noti zilizo chini. Pakeni rangi ndani kabla hakijafungwa, au mtafute kingine.

Cha udongo nakipenda kuliko watu wengi wanavyokipenda. Hakifunguki bila kuvunjika, na kikivunjika hakirudi. Kwa ukweli hakuna cha kukishinda kwa bei yake. Kosa lake ni lile la kubadilishwa kizima, ambalo majina mawili chini yake yanalimaliza, na kwamba mtoto akikigonga mradi wa mwaka umemwagika sakafuni. Kwa malengo ya miezi mitatu au minne, kama sare za shule au sikukuu, chukueni hiki na msiangalie kingine.

Kwa lengo la mwaka au zaidi, linalofaa ni sanduku la kufuli mbili, na hili kwa kawaida haliuzwi tayari, mnaliagiza. Wazo lake limetoka kwenye sanduku la vikundi vya kuweka na kukopa, lile la chuma lenye kufuli tatu, ambapo funguo hukaa kwa wanachama watatu na sanduku kwa mtu mwingine. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na leo umeenea Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya, Uganda na Burundi. Wengi wanaolijua sanduku la kikoba wanaona ajabu kulipeleka nyumbani, kana kwamba kufuli ya pili ni tusi kwa mwenza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mweka hazina wa kikoba haoni kwamba ametukanwa, kwa kuwa kufuli zile ndizo zinazomlinda siku hesabu ikipishana. Mke au mume anayetunza fedha za nyumba anastahili ulinzi uleule.

Mpeni fundi seremala vipimo hivi: urefu sentimita 25, upana 18, kimo 15, plaiwudi ya milimita 12 au mbao ya mninga. Maungio yawe ya gundi na misumari kwa pamoja. Kifuniko kiwe na bawaba mbili nyuma na makomeo mawili mbele, yaliyoachana angalau sentimita 12, kwa sababu yakikaribiana sana kifuniko kinainuka upande mmoja na mkono mwembamba unapita. Tundu liwe dogo, sentimita 4 kwa milimita 4. Noti iliyokunjwa inaingia na sarafu ya 500 inaingia. Ndani, chini ya tundu, apige ulimi wa bati wa sentimita 6 unaoteremka kwa mteremko, ukiacha nafasi inayotosha sarafu kupita kabla ya ubavu wa sanduku. Hela inateleza na kuanguka, lakini rula ikipenyezwa inagonga bati na kusimama. Mafundi wengi wataacha ulimi huo msipousimamia, wakisema si lazima. Ni lazima.

Sehemu ambayo masanduku mengi hushindwa ni nyuma, kwenye bawaba. Fundi hufunga makomeo kwa uangalifu mbele, kisha nyuma anaweka bawaba kwa skrubu ndogo za nje. Mtu hahangaiki na kufuli; anafungua skrubu sita, anakiinua kifuniko kwa nyuma, anachukua, anarudisha. Kufuli zote mbili zinabaki zimefungwa na kila mmoja anaapa kwa haki kwamba ufunguo wake haukutoka mfukoni. Dai bolti nyembamba zinazopita mbao nzima, nati zikiwa ndani, na ncha za bolti zigongwe nyundo ili nati zisizunguke. Makomeo nayo yafungwe kwa namna hiyo. Kabla ya kulipa, zunguka sanduku lote ukiwa na bisibisi mkononi na utafute kichwa chochote cha skrubu kinachofunguka kwa nje. Ukikiona kimoja, kazi haijaisha.

Kufuli zenyewe zinunuliwe maduka mawili tofauti, kila mmoja ya kwake, na ziwe za majina tofauti. Kufuli za bei ya chini hutengenezwa kwa mitindo michache ya meno ya funguo, na si ajabu ufunguo wa moja kufungua nyingine ya katoni hiyohiyo. Zijaribuni kwa kubadilishana funguo mkiwa palepale dukani. Milimita 40 inatosha. Kila mmoja akwaruze alama yake kwenye mwili wa kufuli yake kwa ncha ya msumari. Kufuli ya kubana hujifunga bila ufunguo, kwa hiyo anayeikata anaweza kutundika nyingine inayofanana, na utajua tu siku ufunguo wako utakapogoma.

Funguo za akiba ndizo tundu jingine ambalo watu hawalioni. Kufuli huja na funguo mbili au tatu. Kila mmoja abaki na ufunguo mmoja wa kufuli yake. Zinazosalia ziwekwe kwenye bahasha, wote mtie sahihi juu ya mdomo wake uliogundishwa, na bahasha ipelekwe kwa msimamizi wenu wa ndoa au kwa shangazi ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Hana haja ya kujua ni kiasi gani kimo sandukuni. Nimeona wengine wakimpa ufunguo mtoto mkubwa. Ni kosa, kwa kuwa siku hela zikipungua mtoto atalazimika kusimama upande wa mzazi mmoja.

Kuna jambo moja ambalo sanduku hili linafanya vibaya, na inafaa mlijue mapema. Halina huruma usiku wa manane. Mtoto akipata degedege saa 8 usiku na mwenzako yuko zamu Mtwara, kufuli ya pili inakuwa adui. Watu huishia kukata komeo, na baada ya hapo sanduku halifungwi tena. Tengenezeni bahasha ya dharura nje ya sanduku, yenye nauli ya teksi na gharama ya kwanza ya hospitali, ambayo mmoja anaruhusiwa kuitumia bila kuuliza na kuandika keshoye.

Kuhusu kuhakiki bila kufungua, mzani wa jikoni wa kilo 5 unasaidia zaidi ya inavyodhaniwa. Pimeni sanduku tupu pamoja na kufuli zake, muandike. Sarafu ya 500 ina gramu 9.5, kwa hiyo sarafu 100, yaani shilingi 50,000, zinaongeza gramu 950. Noti moja ni takriban gramu 1. Kwa sarafu, kipimo kinaonyesha hata kumi zilizotoweka. Kwa noti msikiamini: mtu akitoa ya 10,000 na kutumbukiza ya 1,000 mzani haujui. Na ubao hunywa unyevu. Wakati wa masika sanduku lilelile linaweza kuzidi kwa makumi ya gramu, likapungua tena kiangazi. Kabla hamjaulizana kwa sauti nzito juu ya gramu 30, angalieni mvua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lina uzito kuliko kufuli. Safu tano zinatosha: tarehe, kiasi, noti au sarafu, mwekaji, shahidi. Nje ya sanduku, si ndani. Hela aliyobana mama kwenye matumizi ya jikoni iandikwe kwa jina lake kama inavyoandikwa ya mshahara wa baba. Hilo lina maana hata kisheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni yake, na iliyo kwa majina ya wote ni yao sawa kwa sawa, hadi ithibitishwe vinginevyo. Fedha taslimu kwenye sanduku hazina jina. Jina lake ni daftari. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo unatajwa hadi leo. Kinachotajwa mara chache ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo: mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, na mahakama ikaona amezitumia vingine. Kila fedha inayotolewa sandukuni kwenda kwenye biashara ya mmoja iandikwe kama ilivyoandikwa ilipoingia, pamoja na kilichonunuliwa.

Mfungue mara moja kila miezi mitatu, hata kama lengo halijafika. Sababu ya kwanza ni noti zenyewe. Kenya ilitangaza Juni 1, 2019 kwamba noti ya zamani ya shilingi 1,000 ingekoma kuwa halali Oktoba 1 mwaka huohuo. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010. Miezi mitatu ni yote mliyokuwa nayo. Kibubu kilichopigiliwa kwa miaka mitatu kingepitwa, na akiba ya siri chini ya godoro la mwenza ilibidi itoke mbele ya macho au ife. Sababu ya pili ni mchwa, unyevu na panya. Noti 20 zilizotafunwa pembe bado mnaweza kuzipeleka benki, zilizogeuka unga hamwezi.

Wapo watakaouliza kwa nini msiende benki moja kwa moja. Kiasi kikishapita kile ambacho mngeweza kukipoteza kwa moto bila kuanguka, nendeni. Ila mfahamu kwamba akaunti ya pamoja ina kufuli zilezile kwa maandishi: kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua kama atatia sahihi yeyote mmoja au wote wawili. Yeyote mmoja ni sanduku la ufunguo mmoja lenye majina mawili juu yake. Wote wawili ndiyo kufuli mbili, na kwa chaguo hilo ulizeni mapema kuhusu kadi ya kutolea fedha na huduma ya simu, kwa sababu namba moja ya siri haiwezi kuwa sahihi mbili. Hela ya pamoja inayokaa kwenye laini ya simu ya mmoja haina kufuli ya pili hata kidogo. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake peke yake.

Siku ya kufungua, hesabuni kila mmoja kivyake bila kutajiana, kila mtu aandike jumla yake kwenye karatasi, kisha mlinganishe na daftari. Zikipishana, anzeni na karatasi zenu mbili: noti zilizogandana kwa unyevu ndizo zinazokosesha hesabu mara nyingi. Karatasi mbili zikilingana lakini daftari likazidi, tazameni bolti za bawaba, rangi ya kucha na alama za kwenye kufuli, pamoja, kabla mtu hajasema neno. Kiasi kilichopungua kiandikwe palepale kwa tarakimu, wote mtie sahihi chini yake, ndipo mzungumze.